Mke wangu anasema ni mada, mimi nasema ni benchi la mama ntilie. Wakuu tuamueni

#1 Kinyerezi Mwisho

Wakuu habari za jioni, niende moja kwa moja.

Mimi na mke wangu tuna miaka saba kwenye ndoa, watoto wawili. Mimi niko kwenye mambo ya kutoa mizigo bandarini, yeye ni nesi, anaingia zamu. Mwaka jana katikati tulifika mahali wiki nzima maneno yetu ni "umenunua luku?" "mtoto kanywa dawa?" basi. Hakuna ugomvi, ila kimya. Nikamtoa sehemu moja ya maana Masaki, kitambaa cheupe mezani, mshumaa, tukakaa tunatazamana kama watu wanaosubiri kuitwa kwenye usaili. Dakika kumi kila mtu yuko kwenye simu yake. Bili laki moja na ishirini, tumerudi kimya kilekile.

Ndo yeye akaja na wazo. Kila mwezi mara moja tunatoka na kila mtoko una mada. Tunapeana zamu ya kuchagua, mwenzako haambiwi mpaka siku yenyewe, anaambiwa avae nini tu. Bajeti elfu 25 wote wawili, nauli humohumo. Na iwe sehemu za kwetu hizi, mama ntilie, wachoma mishkaki, Feri, Coco, Kariakoo.

Tumeshafanya nane. Mwezi wa nazi tulikula wali wa nazi na samaki wa kupaka, tukamalizia kashata na madafu. Usiku wa moshi, kila kitu lazima kiwe kimepita kwenye mkaa, mahindi, mishkaki, muhogo wa kuchoma. Chakula cha shule, ugali maharage kwenye sahani za bati Manzese na nikaambiwa nivae shati jeupe.

Ila iliyonifanya nifungue uzi ni ya alfajiri. Nilimfuata saa kumi na mbili asubuhi ametoka zamu ya usiku, macho mekundu, bado ana viatu vya kazini. Tukakaa Buguruni kwenye benchi la mbao, lile ambalo mguu mmoja mfupi umewekewa kipande cha tofali. Mama anachota supu ya makongoro, anakamulia ndimu, anauliza pilipili. Mke wangu akashika bakuli kwa mikono miwili bila kunywa, anaota joto tu, halafu akaanza kunisimulia bibi mmoja wodini aliyekuwa anaimba usiku kucha. Tulikaa masaa mawili. Tangu tuoane hajawahi kunieleza habari za wodini.

Sasa yeye anasema ni mada ndo inafanya tuongee. Mimi nasema ni benchi, kwa sababu kwenye benchi mnakaa ubavu kwa ubavu, bega kwa bega, hamtazamani usoni, na maneno mazito ni rahisi kumwambia mtu usiyemtazama machoni. Tumewekeana dau, atakayeshindwa anafua mashuka mwezi mzima. Tuamueni.

#2 Segerea Kwetu

Naweka kambi hapa. Endeleeni.

#3 Binti Makorora

Kaka hongera kwanza kwa kumfuata mkeo kazini alfajiri, wengi hawafanyi.

Ila wote wawili mmekosea. Sio mada sio benchi, ni MKONO. Hebu jiulize ulikula nini siku hizo, ugali, samaki wa kupaka, mishkaki, muhogo. Vyote vya mkono. Ukishazamisha vidole kwenye mchuzi wa nazi hutashika simu mpaka unawe, na maji ya kunawa anayo mama kwenye jagi, mpaka akufikie. Kule Masaki ulipewa uma na kisu, mkono mmoja ukabaki huru, ndo ukaenda kwenye simu. Sisi Tanga wali wa nazi tunakula sinia moja mkono, na mimi nimekulia kwenye sinia hilo, hakuna aliyenyamaza.

#4 Kimara Temboni

#3 umenena lakini supu ya makongoro hailiwi na mkono, na ndo siku waliyoongea kuliko zote. Kwahiyo hoja yako inavuja hapo.

Mimi naona ni pesa. Mkuu ulilipa laki na ishirini ukategemea na maongezi ya laki na ishirini. Kila dakika ikipita kimya unaona hela inaungua, na yeye anaona unavyoona. Kwenye elfu 25 hakuna anayedaiwa kitu na mtu. Mimi na wangu tulikuwa tunagombana kwenye gari wakati wa kurudi kutoka kwenye mahoteli, kila mara, mpaka tukaacha. Siku hizi ni chipsi mayai pale Sinza, tunakula kwenye kontena moja njiti mbili, na amani ipo.

#5 Mama Wawili wa Tabata

Wanaume mnazunguka mbali. Jibu liko kwenye maelezo yake mwenyewe. Huyo dada ni nesi, siku nzima anahudumia watu, akirudi anapika, anapakua, anatoa vyombo, wote mkishamaliza ndo anakaa chakula kimeshapoa. Kwa mama ntilie kuna mtu mwingine ANAMPAKULIA yeye, tena anamuuliza "mwanangu nikuongezee mchuzi?" Mimi nikisikia hilo swali nalegea mwili mzima. Nina miaka kumi na moja ya ndoa sijawahi kuulizwa nyumbani kwangu kama niongezewe mchuzi.

Kinyerezi naomba unijibu kwa moyo safi, nyumbani kwenu anayepakua ni nani?

#6 Kinyerezi Mwisho

#5 dada yangu, ni yeye. Umenishika pabaya. Ila hata Masaki alihudumiwa na bado tulikaa kimya, sasa hapo inakuwaje?

#7 Mama Wawili wa Tabata

Masaki alihudumiwa na kijana aliyevaa tai anayesubiri mmalize meza ipate watu wengine. Kupakuliwa na mama wa makamo ni kitu kingine, ni kama umerudi kwenu. Hata jina lenyewe linasema, mama ntilie, yaani mama nitilie, nitilie chakula. Ni neno la mtoto kwa mama yake. Serikali wakaleta mama lishe, sawa ni jina la heshima, ila lile la kwanza ndo limebeba kitu.

#8 Ngosha wa Mabatini

#7 umegusa nilichotaka kusema, ni utoto. Chakula cha kwenu kinafungua mdomo. Mke wangu ni wa Moshi mimi wa Mwanza, mada yetu ya kwanza ilikuwa "kwetu na kwenu". Yeye akanipeleka kwenye mtori na machalari huko Ubungo, mimi nikamletea sato wa kuchemsha na ugali wa udaga kwa mama mmoja wa kwetu Buza, na chai na michembe, ile ya viazi vilivyochemshwa vikaanikwa vikawa vigumu vyekundu vitamu. Siku hiyo ndo nilijua kwamba alishawahi kukaa kwa shangazi yake miaka minne na hakupendwa, maana mtori ndo kitu pekee shangazi alikuwa anampikia akiumwa. Miaka mitano tuko pamoja sikuwa najua. Mtori ndo ulisema.

#9 Bujora Asili

Ngosha wewe sio wa Mwanza, au umekaa mjini sana. Vilivyochemshwa kwanza halafu vikakatwa vikaanikwa ni MATOBOLWA. Michembe ni viazi vibichi, unamenya unakata unaanika, ukitaka kula ndo unavichemsha. Uliyokula na chai ni matobolwa. Usituharibie kwa mashemeji wa Moshi.

#10 Ngosha wa Mabatini

#9 nimekubali kaka, ni matobolwa, nilichanganya. Mama yangu asione huu uzi.

#11 Mzee wa Mchikichini

Vijana shikamooni mnaostahili, wengine marahaba. Nimesoma uzi nimekumbuka mbali.

Mwaka 1984 nilikuwa kijana wa kiwandani, nimeoa mwaka mmoja, tumepanga chumba Ilala. Wenye umri wangu wanaujua wakati ule, sukari foleni, sabuni foleni, sembe hakuna, unga unaopatikana ni ule wa njano wa kutoka nje, ukisonga ugali ni wa njano kabisa tukauita Yanga. Mtoko wa kwenda wapi? Sasa mke wangu, Mungu amrehemu, alikuwa na mchezo wake. Jumamosi tukipata ule ugali na mchicha usio na nazi, anatandika kanga mpya juu ya mkeka, anasema "leo bwana tuko Kilimanjaro Hoteli." Anaanza kutaja, hii ni supu ya kamba, huyu ni kuku kaletwa na ndege. Na mimi natakiwa niulize, mhudumu huyu kuku mbona ana majani. Tunacheka mpaka jirani anagonga ukuta. Siku nyingine tuko Unguja, siku nyingine tuko harusini kwa mtu tusiyemjua. Hatukuwa na benchi, hatukuwa na mama ntilie, tulikuwa na mkeka.

Kwahiyo mimi kwa uzee wangu nasema ni MCHEZO. Watu wazima wakikubali kucheza pamoja wanaongea. Mengine ni vyombo tu vya kuchezea.

#12 Segerea Kwetu

Mzee wetu nimesoma hiyo mara tatu. Mungu amlaze mahali pema mama yetu.

#13 Jangwani Damu

Mzee pole sana na asante. Na nimefurahi kujua hata kipindi cha shida aliyewalisha ni Yanga.

#14 Msimbazi B

#13 yaani unga wa msaada ndo unajivunia? Mzee mwenyewe kasema walikula kwa sababu hakuna kingine.

Ila nirudi kwenye mada, mimi ni Simba mume wangu ni Yanga, mtoko wetu ni siku ya dabi. Sheria ni kwamba anayefungwa analipa na anavaa rangi ya mwenzake, tunakwenda kula Kariakoo. Nilishamvalisha nyekundu, tukala pilau na mishkaki mtaani watu wote wanaomjua wanapita wanamsalimia. Na ye kanivalisha njano mara nyingi zaidi siku hizi, lazima niseme ukweli. Tunaongea usiku kucha, lakini ni mpira tu, sijui kama hiyo inahesabika.

#15 Jangwani Damu

Inahesabika dada, tena kwa njano ndo inahesabika mara mbili.

#16 Binti Makorora

Kwa kuwa mmeleta rangi, nimefanya mada ya NJANO na mchumba wangu na haikuwa ya mpira. Tulianzia kwenye urojo. Urojo wenyewe ni wa njano, ule uji wa unga wa ngano na manjano uliotiwa ukwaju na embe mbichi, humo ndani kuna kiazi, bagia, kachori, mishkaki ukitaka, yai, juu chipsi za muhogo na chatini ya nazi. Halafu embe, halafu ndizi mbivu za kukaanga. Mchumba akavaa fulana ya njano kama kondakta. Na ule urojo anakula kwa kijiko, na tuliongea sana, kwahiyo naiondoa hoja yangu ya mkono kidogo, naibakiza nusu.

#17 Mpemba wa Magomeni

Umeueleza vizuri dada, wengi wa huku bara wanauita mix tu na wanaotia tomato sosi wapo. Urojo hautiwi tomato sosi jamani. Ukali wake ni wa ndimu na embe.

#18 Mtoto wa Mbezi Luis

Mimi ntawaambia kitu tofauti, ni KUSUBIRI. Nendeni Feri mkanunue samaki mbichi, mmbebe nyinyi wenyewe mpaka kwa wakaangaji pale pale, mkae mnamwangalia anaparuliwa magamba, anachanjwa, anapakwa chumvi na ndimu, anaingia kwenye karai la mafuta, yule kaka anamgeuza na lile koleo refu, kelele zote zile, boti zinaingia, kivuko kinapiga honi, ni nusu saa au zaidi mmesimama hamna cha kufanya na njaa inauma na harufu inakuja, hapo lazima muongee hata kama mlikuwa mmenuniana tangu juzi, maana simu huwezi kuitoa pale utaibiwa na kiti hakuna. Sisi tulipatania pale. Samaki alikuwa changu wa elfu nane na kukaangiwa tukatoa elfu moja na tulikuwa hatujaongea siku tatu. Kwenye mgahawa wanakuletea chakula kwa dakika kumi na tano huku umekaa kwenye kiyoyozi, hasira yako bado iko nzima.

#19 Kimara Temboni

#18 hapa kuna kitu. Hakuna kiti, kwahiyo hakuna benchi. Kinyerezi umepoteza.

#20 Kinyerezi Mwisho

Sijapoteza! Wamesimama wakiangalia karai, si ubavu kwa ubavu hiyo? Benchi ni namna ya kukaa tu, hoja yangu ni kutotazamana. Hata kwenye daladala watu wanaongea kuliko sebuleni.

#21 Nusu Mkate

Samahani nitavunja furaha. Mimi na mzazi mwenzangu tulifanya hivihivi miezi kumi na nne. Mada, mavazi, bajeti, kila kitu. Tuliachana. Mwanzo ilikuwa tamu kama mnavyosimulia. Halafu nikaanza kuchagua mada kwa kuangalia picha itatokaje. Mada ya kahawa nikamweka asimame na birika la watu, apige picha mara saba, mpaka kahawa yake imepoa. Watu wakawa wanatusifia statasi, "wapenzi bora", na sisi tukirudi ndani ni kimya kuliko kwenu. Siku ya mwisho ilikuwa mihogo Coco Beach, jua linazama, kachumbari na pilipili ya ukwaju juu, picha nzuri kuliko zote, na kwenye picha ile ye anacheka. Wiki mbili baadaye alihama. Kwahiyo mkiniuliza mimi mada haina nguvu yoyote, na benchi halina, na mihogo haina. Naandika hii kwa sababu naona wengi mnataka kujaribu, fanyeni, ila acheni simu nyumbani.

#22 Mama Wawili wa Tabata

#21 pole kaka yangu. Asante kwa kusema.

#23 Mpemba wa Magomeni

Pole sana kaka. Lakini mimi naona umethibitisha hoja, si kuivunja. Ulimwacha mwenzako ukamtazama mtu wa kwenye simu. Hata mkeka wa Mzee #11 usingefaa ukipigwa picha saba.

#24 Nusu Mkate

Labda. Sijui. Kuna siku naamini ni picha, kuna siku naamini tulikuwa tumeshaisha kabla hata ya mada ya kwanza, mada ilitusogeza mbele tu mwaka na kitu.

#25 Chuma cha Reli

Wakuu nitoke kidogo nje ya jiji. Treni ya umeme ilipoanza 2024 mwezi wa sita tukafanya mada ya "chakula cha mchana mkoa mwingine". Nauli ya kawaida Dar Morogoro 13,000, asubuhi tumepanda, haifiki masaa mawili uko Moro, tumekula ndizi nyama huku tunaangalia milima ya Uluguru, jioni tuko nyumbani. Sisi tuliongea njiani kuliko mezani. Kiti cha treni ni ubavu kwa ubavu pia, Kinyerezi nakupa kura moja.

#26 Msimbazi B

Nauli tu kwenda na kurudi wawili ni elfu hamsini na mbili, bajeti ya mwenye uzi elfu 25. Umefutwa kwenye mashindano.

#27 Chuma cha Reli

Hahaha haya nimekubali, ila kura yangu ibaki.

#28 Mke wa Ustaadh

Asalaam aleikum. Sisi ndoa yetu kulikuwa na dini mbili mwanzoni, mimi nilikuwa Mkristo. Kabla sijasilimu mume wangu alinipa mwezi mzima wa mada moja, FUTARI. Kila Ijumaa ya Ramadhani sehemu tofauti, Magomeni, Temeke, Kariakoo, nikajua magimbi ya nazi, tambi, kunde, kaimati, uji wa pilipili manga ambao mara ya kwanza ulinitoa machozi. Hakuniambia neno moja la dini. Mnakaa mnasubiri adhana, mbele yenu tende mbili na bakuli limefunikwa, na mtaa mzima unanyamaza kidogo, hata bodaboda zinapungua. Ile dakika ya kunyamaza pamoja ndo iliyonishika. Kwahiyo mimi sikubaliani na swali lenyewe. Mnapima mtoko kwa kuongea. Kuna kimya cha wodini, kuna kimya cha Masaki, na kuna kimya cha kusubiri adhana.

#29 Mzee wa Mchikichini

Waaleikum salaam binti yangu. Hapo umetufundisha.

#30 Binti Makorora

#28 nimepata baridi mwilini. Ila kaimati za Magomeni ziko mtaa gani hasa? Naulizia kwa nia njema kabisa.

#31 Mpemba wa Magomeni

Binti we swali la kaimati huliachi. Mapipa, jioni, fuata harufu ya iliki.

#32 Dada wa Mikocheni

Mimi sijaolewa ila nina mtu, na mada yetu ni MAJINA YA MITAA. Tunakula mtaa ambao tunajua jina lake limetoka wapi, na anayejua ndo anasimulia. Mikocheni ni mikoche, ile miti. Kariakoo yeye akasema ni neno la Kizaramo la mahali pa soko, nikabaki na wasiwasi.

#33 Bujora Asili

Mwambie akae chini. Kariakoo ni Carrier Corps, wale wapagazi wa jeshi la Waingereza kwenye vita kuu ya kwanza, kambi yao ilikuwa pale, wenyeji wakatamka kivyao ikawa Kariakoo. Soko lenyewe kubwa alilichora Beda Amuli, mtu wetu kabisa, likafunguliwa 1975. Lile lililoungua Julai 2021.

#34 Dada wa Mikocheni

Asante #33, hiyo namrushia usiku huu huu. Ye ndo atalipa mwezi ujao.

#35 Mtoto wa Mbezi Luis

Nina swali pembeni. Mwenye uzi kwenye mwezi wa nazi alisema madafu. Mimi nikinunua dafu barabarani naomba lenye nyama ngumu kidogo nikwangue, jamaa yangu anasema hilo sio dafu.

#36 Mpemba wa Magomeni

Jamaa yako mkweli. Linaanza kidaka, linakuja dafu lenye maji matamu na nyama laini, likianza kukomaa nyama imekuwa ngumu hilo ni koroma, likikomaa kabisa ni nazi. Wewe unaomba koroma unalipia dafu. Muuzaji anakupenda sana.

#37 Kimara Temboni

Turudi jamani, watu wana mashuka ya kufua. Napendekeza jaribio. Mtoko mmoja muende benchi lile lile la Buguruni BILA mada. Mtoko mwingine muende meza yenye kitambaa cheupe mkiwa na mada. Halafu mje hapa mseme mlichoongea kila siku.

#38 Kinyerezi Mwisho

Nimeipenda. Ya pili mpaka mwisho wa mwezi mshahara utoke, ya kwanza Jumamosi hii.

#39 Kinyerezi Mwisho

Wakuu narudi na majibu kama nilivyoahidi. Jumamosi asubuhi, benchi lile lile, tofali bado lipo, mama yule yule, alitukumbuka na kamwongezea mke wangu mfupa. Mada hakuna, nguo za kawaida. Dakika kumi za kwanza kweli kimya. Nikaanza kuona mashuka yananiangalia. Halafu mvua, ile ya ghafla, watu wote tukasogea chini ya turubai, tumebanana, na mke wangu akaninong'oneza nikisie kila mtu anafanya kazi gani kwa kuangalia viatu tu. Yule mwenye buti zenye simenti fundi, sawa. Yule mama mwenye raba nyeupe akasema huyo nesi, kaka nakwambia kamuuliza na KWELI ni nesi, tena wanafahamiana kwa jina la hospitali, wakapiga stori mpaka mvua imekatika na mimi nimebaki nashikilia bakuli mbili.

Mimi nasema benchi limeshinda. Yeye anasema viatu ndo ilikuwa mada, kaitunga palepale. Tumerudi tunabishana njia nzima mpaka kwenye daladala watu wakaanza kuchangia.

#40 Mama Wawili wa Tabata

Mvua ndo imeshinda hapo.

#41 Msimbazi B

Na mfupa wa nyongeza. #5 alisema mapema, mtu akiongezewa kitu mwili unalegea.

#42 Sista wa Zamu

Habari zenu. Mimi ndo mke. Nimefungua akaunti leo kwa sababu ya huu uzi, kanisomea usiku kila komenti, zingine nimelia, Mzee #11 na kaka #21 hasa.

Nirekebishe kitu kimoja. Yule bibi hakuwa anaimba. Alikuwa anamwita mumewe jina, taratibu, anavuta ile herufi ya mwisho, ukiwa mbali unasikia kama wimbo. Mumewe alishafariki. Nilikaa naye mpaka saa tisa usiku nikiwa na vitanda vingine kumi na kitu. Asubuhi nikatoka getini nikamkuta Baba Zai amesimama, ana sweta langu mkononi, saa kumi na mbili, na mimi najua yeye akikosa usingizi anaumwa kichwa siku nzima. Hakuniuliza "vipi kazini". Kanivalisha sweta tukaenda.

Kwahiyo kwenye dau nilisema mada, na sibadilishi maana sitaki kufua. Lakini kwa siku ile, mkiniuliza niliongea kwa nini, nilikuwa naangalia sweta.

#43 Mzee wa Mchikichini

Binti yangu Mungu akutunze, na hizo kazi zenu za usiku.

#44 Mama Wawili wa Tabata

Wifi karibu sana humu. Kinyerezi, kuanzia leo unapakua wewe.

#45 Kinyerezi Mwisho

#44 nimeanza jana, ubwabwa umemwagika kidogo ila nimeuliza "nikuongezee mchuzi?" na kweli aliniangalia mpaka nikaona aibu kwa miaka saba yote ile.

Wakuu ya kitambaa cheupe imeahirishwa, mwezi huu ni zamu yake kuchagua. Kaniambia Jumapili nivae ndala na kaptula, nibebe taulo, na nisile kitu tangu asubuhi. Anayejua ni wapi naomba msaada.

#46 Jangwani Damu

Coco. Mihogo.

#47 Mtoto wa Mbezi Luis

Coco huhitaji kukaa na njaa tangu asubuhi. Hiyo ni samaki mzima.

#48 Binti Makorora

Kaniuliza pembeni sehemu fulani, nimeapa sisemi. Ila kaka weka salio kwenye N-Card yako, ile kadi ya kulipia nauli ya kivuko, mia nne inatosha wote wawili kwenda.